Laki tisa mkononi: Unguja au Kimondo?

Mpenzi msomaji, wiki hii sina umbeya wa mtu. Nina wa kwangu mwenyewe, na nimeona bora niutoe mimi kabla hujausikia kwa majirani zangu wa Tunduma, maana wale kwa kukoleza chumvi hawajambo.

Ni hivi. Juni mwaka jana nilioa. Harusi ilipita salama, wali ulitosha (wenye kamati za harusi wananielewa), na tulipomaliza kulipa mapambo, muziki na mpiga picha tukabaki na laki tisa. Lakini ngoja kwanza. Katika hizo laki tisa, laki nne zilikuwa mtaji wa mke wangu. Yeye anauza vitenge, mzigo anachukua Nakonde ng'ambo ya mpaka, anauza Vwawa na Mlowo. Kwa hiyo ukiziita laki tisa za fungate unakuwa umedanganya kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshadanganya zaidi. Wakati namtafuta yule binti nilimwambia, "Siku tukioana nakupeleka Zanzibar." Si unajua tena maneno ya kijana anayeomba. Angetaka mwezi ningemuahidi mwezi. Sasa harusi imeisha, wageni wameondoka, usiku wa pili tu mwenzangu ananiuliza, "Baba, Zanzibar tunaondoka lini?"

Nilikohoa. Nikasema tutazungumza.

Kwa wasiokujua kwetu niwaeleze. Tunduma ni mji wa malori. Yamepanga foleni na shaba ya Zambia na Kongo, mengine yanapeleka mafuta na mizigo huko huko, na honi zake ndiyo jogoo wetu. Kituo cha pamoja cha mpakani walikizindua Rais Magufuli na Rais Lungu mwezi Oktoba 2019, na kabla ya hapo foleni ilikuwa balaa jingine. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Ila tuna kitu kimoja ambacho hata Unguja hawana: ukivuka barabara kuingia Nakonde, saa yako inarudi nyuma saa moja nzima. Mwaka mpya unaweza kuusherehekea Tunduma, ukavuka, ukausubiri tena. Nilimwambia mke wangu tukalale Nakonde siku tatu, tutakuwa tumekwenda nchi za nje na muda tumeongezewa bure. Hakucheka.

Basi nikaja na hoja ya Bara. Nikamwambia, mke wangu, watu wanatoka Ulaya kuja kuona vitu tulivyonavyo mlangoni. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa 2016 tu, ukikatwa kutoka Mbeya, na ndani yake kuna Kimondo cha Mbozi, mojawapo ya vimondo vikubwa kabisa duniani. Wewe umeshakiona? Akasema hajakiona. Mimi pia nilikuwa sijakiona, lakini sikumwambia.

Tukapanda basi mpaka Mlowo, tukachukua bodaboda mpaka kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi. Na njiani tukapitia kwa bibi yake, ambaye tangu siku ya posa ananiita "mume wangu" na mjukuu wake anamwita "mke mwenzangu". Bibi akauliza tunakwenda wapi tumependeza hivyo. Tukasema kuona kimondo. Akasema, "Mnalipa nauli kwenda kuona jiwe? Kwa nini msiende kuona bahari?" Mke wangu akanitazama. Nikaona huyu mke mkubwa amenichongea.

Kimondo chenyewe, msomaji, usikidharau. Ni bonge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu, limelala kwenye shimo lililochimbwa kulizunguka ili lionekane lote. Uzito wake vitabu vya zamani vinasema tani 12, wengine siku hizi wanataja 16. Karibu asilimia 90 ni chuma, sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wazee wa Kinyiha walikuwa wanalijua, wataalamu wa kizungu wakalijua 1930. Ukiligonga kwa kokoto linalia kama kengele, na upande mmoja utaona mahali walipokata kipande cha kupima. Kinachoshangaza ni kwamba shimo la kuangukia halikuonekana, utadhani liliteremshwa kwa kamba. Nilisimama pale nikapiga mahesabu kwamba kitu hiki kimetoka juu kabisa, kimepita kote huko, kikachagua Mbozi.

Nikamgeukia mwenzangu. "Umeonaje?"

"Zuri," akasema. "Tumemaliza dakika ishirini. Na fungate ni siku ngapi?"

Hapo alinipata. Nikajitetea na Matema. Kwa kweli kama mwaka huu unawaza likizo na uko kanda yetu, Matema isikutoke akilini. Unapita Mbeya, Tukuyu kwenye migomba na chai, unashuka Kyela kwenye joto, halafu unalikuta Ziwa Nyasa, mchanga upo, maji hayana chumvi, Milima ya Livingstone imesimama nyuma yako kama ukuta, na akina mama wa Kikisi wanakuuzia vyungu vinavyotoka Ikombe. Kwa laki mbili na nusu nilikuwa na uhakika tunakaa siku nne tunakula samaki. Na mtaji wa vitenge haujaguswa.

Tulibishana siku tatu. Mpaka mama yangu akaingilia, akasema mwanamke anayekula mtaji wake mwenyewe ni mpumbavu. Hilo ndilo lililoharibu. Mke wangu alinyamaza chakula cha jioni chote, na tulipobaki wawili akaniambia taratibu, "Pesa ya mtaji ni yangu, nikitaka naitoa. Ila neno ulilitoa wewe. Kama hili la Zanzibar lilikuwa la kunipatia tu, niambie na mengine yapi yalikuwa hivyo hivyo, niyajue mapema."

Msomaji, kesho yake nilikuwa stendi nakata tiketi.

Kutoka Tunduma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900. Tuliondoka alfajiri na makoti, Makambako tukavua koti, Iringa tukala chipsi, na Mikumi tukapita jua likikaribia kuzama. Barabara inakata katikati ya hifadhi, basi linapunguza mwendo, na tembo wawili walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka dirishani. Mzungu huwa analipia hiyo kwa dola. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Unaona Bara?" Akanifinya.

Stendi ya Mbezi tulifika usiku, tukalala kwa mjomba Kimara, asubuhi bandarini. Ushauri wa bure: beba kitambulisho, maana nauli ya Mtanzania na ya mgeni si moja. Na ndugu zetu wa Nakonde wanaotaka kuongozana nasi wajue kwamba tangu Oktoba 1, 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi anakatiwa bima ya kuingilia Zanzibar, dola 44.

Boti inachukua kama saa mbili. Dakika ya arobaini nilianza kuona dunia haijatulia. Wahudumu wanagawa mifuko ya plastiki, na mimi, mwanamume mzima wa mpakani niliyezoea vumbi na gongo la Nakonde, niliijaza miwili. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani anapiga picha. Hajawahi kuona maji mengi hivyo na hakutikisika hata kidogo. Huko nyumbani hii habari ilishafika kabla yangu, ndiyo maana nasema bora niiseme mimi.

Hoteli za ufukweni hatukuzigusa. Tulipata gesti Mji Mkongwe, chumba kidogo, feni inalia, na kitanda cha nakshi ambacho peke yake kilikuwa harusi ya pili. Vichochoro vile usitafute kujua unakwenda wapi, tembea tu, mwisho utatokea baharini. Jumba la Beit el-Ajaib, alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, tulilitazama kwa nje tu. Sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jioni tukawa Forodhani: pweza, mishikaki, juisi ya miwa. Urojo nilikunywa bakuli mbili. Muuzaji aliposikia lafudhi yangu akasema, "Nyie wa Bara mnakula kama mnagombezwa." Bei lakini alinishushia, kwa hiyo nimemsamehe. Uliza bei kabla hujashika kitu, na uliza kwa Kiswahili.

Siku ya pili tukapanda daladala kwenda Jambiani, mke wangu amevaa dera jipya kwa ajili ya picha. Tunafika, bahari haipo! Nakuapia. Maji yamehama, yameacha mchanga na matope mpaka kule mbali kabisa, na wanawake wameinama kwenye mashamba ya mwani. Sisi wa milimani mambo ya kupwa na kujaa tunayasoma kwenye jiografia tu. Tukakaa chini ya mnazi tukisubiri bahari irudi kama mtu anavyosubiri basi. Mama mmoja aliyekuwa anarudi na mzigo wa mwani akaketi nasi, wakazungumza na mke wangu mambo ya biashara: bei, mnunuzi, mvua inapoharibu mzigo. Nilikuwa sina la kuchangia. Saa nane maji yakaanza kurudi, taratibu, bila kelele, na mwenzangu akaingia mpaka magotini na dera lake, akasahau kabisa habari ya picha. Hakuna iliyopigwa. Mashoga zake mpaka leo wanamuuliza.

(Ukienda huko, kuogelea ni kwa ufukweni tu. Kijijini na mjini jisitiri, watu wana dini yao. Na mwezi wa Ramadhani usitafune chochote barabarani.)

Siku ya tatu ndiyo sikuitegemea. Tuliingia Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko ambalo Barghash alilifunga mwaka 1873. Chini kuna vyumba, dari unainama. Nje kuna sanamu za watu watano shimoni, minyororo shingoni. Mwongozaji akatueleza kwamba wengi walitoka Bara, wengi sana kutoka upande wa Ziwa Nyasa, walitembezwa kwa miguu mpaka Pwani ndipo wakapakiwa vyomboni. Mke wangu akamuuliza, "Kwa miguu, siku ngapi?" Yule akasema miezi.

Tulitoka tukakaa kwenye ngazi. Sisi kwa basi lenye viti vya kulala tulikuwa tumelalamika miguu imevimba. Akaniambia, "Kumbe siyo sisi wa kwanza kutoka kwetu kuja huku." Nikashika mkono wake, na kwa siku ile hatukula tena Forodhani, tulinunua mkate na ndizi tukarudi chumbani.

Sasa tuje kwenye mahesabu, maana najua ndiyo unayoyasubiri. Nauli za basi na boti kwenda na kurudi kwa watu wawili zilikula karibu nusu ya fedha yote. Tuliingia Tunduma na elfu arobaini na moja. Mtaji wa vitenge uliisha wote. Mke wangu alikaa Julai na Agosti bila mzigo, akawa anauza vya shoga yake kwa kamisheni, na mimi makala zangu unajua zinavyolipwa (mhariri, usikate hapa). Mpaka Novemba ndipo akasimama tena. Mama yangu alilisema hilo kila Jumapili. Kwa hiyo ukiniuliza kipi bora, nitakwambia kama hujaahidi mtu, nenda Matema. Mchanga ni mchanga na usingizi ni usingizi. Kama umeahidi, anza kuweka akiba siku ile ile unayofungua mdomo, wala usisubiri michango ya harusi.

Lakini nilisahau. Siku ya kuondoka Unguja, mke wangu alinirudisha mbio mpaka ufukweni, boti imebakiza nusu saa, akachota maji ya bahari kwenye chupa ya Kilimanjaro. Nikamwambia hayo ni ya kazi gani, akanijibu ni ya mke mwenzake. Chupa ile ilipita Dar, ikapita Mikumi, Iringa, mpaka kule karibu na Mlowo, tukamkuta bibi anaanika mahindi. Akaishika juani, akaitazama.

"Mbona si ya buluu?"

Tukamwambia ikiwa nyingi ndiyo inakuwa ya buluu. Akafungua kizibo, akachovya kidole, akaonja, akatema pembeni. Halafu akaonja tena.

"Mume wangu," akasema, "na wewe uliivuka hii?"

Mke wangu alishaanza kucheka. Nikamwambia ndiyo bibi, niliivuka.