Kabla ya Kuuza ama Kutouza, Lipeni Mwenye Ng'ombe

Leo naongea kuhusu mashirika ya serikali. Najua inaboesha, lakini usipite kwanza.

Mwaka wa 2022, wakati ule wa ukame, nilienda kwa babu upande wa Bissil. Mvua ilikuwa imekataa misimu kadhaa na ng'ombe walikuwa mifupa tu. Babu akauza wawili kwa broka, bei ya kutupa. Manze, niliskia vibaya. Nikamuuliza mbona asingojee mnunuzi mwingine. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nyasi inauzwa kwa pesa taslimu. Hawa waliobaki hawali ahadi."

Hiyo maneno hunirudia kila mara watu wakibishana kuhusu KMC.

KMC, yaani Kenya Meat Commission, iko Athi River, matatu moja tu kutoka hapa Kitengela. Ilianzishwa 1950. Ikafungwa miaka ya tisini mwanzoni, ikafunguliwa tena 2006 na pesa za umma. Halafu 2020 Rais Uhuru akaihamisha kutoka wizara inayosimamia mifugo, akaipeleka Wizara ya Ulinzi. Kilio cha wafugaji kilikuwa kimoja miaka yote: unapeleka ng'ombe, malipo yanachelewa.

Sasa fikiria biashara ya nyama. Unanunua ng'ombe leo. Unauzia taasisi kubwa kwa mkopo, nayo inalipa ikijiskia. Kama huna pesa ya kuzungusha hapo katikati, nani anangoja? Mfugaji. Anageuka kuwa benki ya serikali, na hata riba hapati. Ndio maana broka anashinda. Bei yake ni mbaya, lakini pesa iko mfukoni.

Kwa hivyo serikali ikisema "tumewekeza", mimi nauliza, kwa nini? Mashine na rangi mpya zinapendeza kwa picha. Lakini pesa ya kununua ng'ombe na kulipa haraka ndiyo inamfikia babu.

Kuna wenye husema jeshi lina nidhamu, liachiwe. Sawa, mfugaji akilipwa mapema nitapiga makofi. Lakini kama lazima soja aje ndio mtu alipwe deni lake, basi shida haikuwa ng'ombe. Ilikuwa wasimamizi ambao hakuna mtu aliwauliza maswali. Na jeshi pia liulizwe: vitabu vya hesabu viko wapi, mfugaji analipwa baada ya siku ngapi?

Wengine wanasema iuzwe tu. Inawezekana. Lakini mnunuzi binafsi naye si lazima ajali mtu wa Bissil wakati wa ukame, msimu ambao bei inaanguka na mfugaji anahitaji mnunuzi wa uhakika kuliko wakati wowote.

Na usidhani hii ni stori ya wenye ng'ombe pekee. East African Portland Cement, hapo hapo Athi River, NSSF ilikuwa na hisa asilimia 27, na Hazina ya Taifa asilimia 25 hivi. Aliyekuwa anakatwa NSSF kwa mshahara wakati huo, yeye pia alikuwa ameingia kwa hiyo biashara, apende asipende.

Kwa hivyo wakikuja tena na mjadala wa kuuza ama kutouza, anza na swali la babu: pesa inafika lini?