Majina ya Montgomery, Majina ya Magoma

Mkonge uliotusomesha watoto wengi wa Magoma, wilayani Korogwe, ulitoka kusini mwa Marekani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai katika pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa zao hilo. Wanangu wakiniuliza tunahusiana nini na hii Georgia tunayoishi, huwajibu kwamba mmea uliotoka huku ulitutangulia kuvuka bahari.

Kiangazi kilichopita tuliwapakia garini tukashika njia ya Atlanta kwenda Montgomery, Alabama, mwendo wa kilomita 260 hivi, pungufu kidogo ya Korogwe hadi Dar es Salaam. Mama yao alifunga chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Watoto walidai kuku wa kukaanga wa njiani. Wakaambiwa kwanza kiliwe cha nyumbani.

Montgomery si mji mkubwa, lakini una makubwa. Hapo ndipo Jefferson Davis alipoapishwa Februari 1861 kuyaongoza majimbo yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Hapo hapo, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Sanamu ya Davis ingali imesimama kwenye viwanja vya makao ya serikali ya jimbo, na kanisa alilolichunga Martin Luther King liko hatua chache tu kutoka hapo. Watu wa mji huo hawajakubaliana juu ya historia yao, ila angalau wanabishania kitu kinachoonekana.

Kando ya mto Alabama kuna bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2024. Ndani yake umesimama ukuta mrefu wenye majina ya ukoo ya Weusi waliotoka utumwani, zaidi ya 120,000, yaliyotolewa kwenye sensa ya 1870. Kabla ya hapo mtumwa aliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wake. Tuliwakuta wazee wakipitisha kidole mstari kwa mstari, na mmoja alipolipata jina la kwao aliita ukoo mzima waje wapige picha. Binti yetu akanivuta mkono: “Baba, na wa kwetu wameandikwa wapi?”

Kwetu Magoma ni bonde la Lwengera. Upande mmoja milima ya Usambara inapanda kuelekea Lushoto, upande wa pili inakwenda Amani, na katikati ni joto na mkonge. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao, SILABU, cha kuwakusanya. Mkataji alilikata jani, akaondoa mwiba mweusi wa nchani, akafunga mzigo na kuupanga, huku utomvu ukimwasha mikono. Asipoimaliza kazi ya siku, nyapara hakumtilia alama kwenye kipande, kadi yake ya kazi.

Silinganishi mambo hayo na utumwa wa Alabama. Manamba alikuwa na mkataba na ujira, hata kama ulikuwa mdogo, na mkataba ukiisha aliyetaka kurudi kwao alirudi. Lakini wengi hawakurudi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, kamba za plastiki zikaangusha bei, korona, mitambo ya kuchakata mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine, na watu wakabaki. Ndiyo maana Magoma utamkuta Msambaa, Muha na Mmakonde wamejenga uzio kwa uzio, wanazikana na kuozeana.

Hapo ndipo kwetu kunapoizidi Montgomery. Huko tulizunguka kutwa bila mtu kutuuliza habari, lakini Magoma huvuki hata nyumba tatu kabla hujaulizwa, “Wewe ni mtoto wa nani?” Tatizo ni kwamba jibu la swali hilo limo vichwani mwa wazee tu. Mimi nimekulia pale na sijawahi kuona ukuta, hata daftari, lenye majina ya waliokata mkonge ule.

Sisi wa ughaibuni ni hodari wa kutuma pesa za bati na saruji. Tuongeze kazi moja isiyohitaji mchango wala kamati. Desemba ukishuka Korogwe, kaa na mzee wako, washa simu, mrekodi: jina lake, kijiji alichotoka, mwaka aliofika, shamba alilofanyia kazi na wenzake aliokuja nao. Nakala moja iache shule ya kata. Usisubiri likizo ya mwaka kesho: aliyeanza kukata mkonge akiwa na miaka 18 mwaka wa uhuru, leo amevuka 80.