Vikombe vya Rangi ya Chungwa Kieni

Kutoka Makongeni nilivuka mjini Thika, nikapanda matatu ya Kamwangi, kisha nyingine ya kuelekea Magumu. Barabara hiyo hupanda tu: mibuni inaisha, chai inaanza, na ukifika Msitu wa Kieni sweta haitoshi.

Nilifuata saipresi. Chini yake, kwenye matawi makavu yaliyolala unyevuni, nikaona vikombe vya rangi ya chungwa, vipana milimita 2 hivi, vimeng'ang'ania kijiti. Vizuri ajabu!

Shosho mmoja mwenye mzigo wa kuni akasimama. "Kijana, huo ndio ugonjwa unaoua miti?"

Swali lake lina historia. Katikati ya karne ya 20, Kenya iliacha kupanda saipresi aina ya Cupressus macrocarpa kwa sababu ya donda la gome linaloletwa na kuvu. Cupressus lusitanica ikashika nafasi yake. Mwaka 1990 wakaonekana vidukari vya Cinara, wakakausha nyua na misitu ya kupandwa. Anayeishi hapa ana haki ya kushuku kila doa. Tena kule Ulaya kipo kikombe kidogo kinachoua kweli, Lachnellula willkommii, kinachokula gome la miti ya lachi.

"Sidhani, shosho. Donda hutoa utomvu kwenye gome bichi. Hiki kimekaa kwenye kijiti kilichokufa, kinakiozesha tu."

Nikampa lenzi. Lachnellula huwa na vinyweleo vyeupe ukingoni. Hapa palikuwa na utando hafifu tu kwa nje. Aliangalia kwa muda mrefu, akageuza kijiti, akaniuliza kama vinaliwa. Ni vidogo mno hata kwa kuonja, nikamjibu.

Usiku niliweka kipande chembamba chini ya hadubini, nikatia iodini. Ncha za vifuko vya spora hazikugeuka buluu. Vilifunguka kwa kifuniko, na ndani ya kila kimoja spora nane, duara kabisa. Vifuko vya Lachnellula hufunguka kwa tundu, na spora zake kwa kawaida ni ndefu.

Kwa sifa hizo nikaandika jina la jenasi, Pithya, kwenye bahasha. Kwa saipresi, spishi ya kushuku kwanza ni Pithya cupressina, lakini sitaiandika mpaka nipime spora zote vizuri. Saipresi hii asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mtarakwa ni jamaa yake wa hukuhuku. Safari ijayo nitatafuta vijiti vikavu vya mtarakwa, nione kama vikombe hivi vinaota huko pia.