Sifa za Mwimbaji

Mwaka 2002 Solomon Burke, mwimbaji mkongwe wa soul wa Marekani, alitoa albamu Don't Give Up on Me. Wahakiki waliisifu, na mwaka 2003 ikampatia tuzo yake ya kwanza ya Grammy. Lakini katika sifa nilizosoma, watunzi wa nyimbo zake, akina Bob Dylan na Tom Waits, walitajwa kabla ya sauti yake.

Nilimkumbuka bibi yangu, aliyeimba kwaya kanisani kwetu Masaka tangu ujana wake. Mwalimu mgeni alipoleta nyimbo mpya, bibi aliongoza, watu wakalia. Baada ya ibada tulimpongeza mwalimu. Bibi hakulalamika, alikunja joho lake, akaenda nyumbani.

Siku hizi nikiandika kuhusu muziki, naanza na aliyeimba.