Siku Mbili Lubumbashi, Sisi na Baba Watoto



Katika mkutano uliopita wengi waliuliza pesa ya likelemba ya mwezi wa kumi ilikwenda wapi. Ilikuwa zamu yetu. Wamama 10, kila mmoja dolare 10, basi dolare 100 mkononi. Mmoja alitushauri tununue mabati, mwingine mashini ya kushona. Mama mkwe yeye alikuwa amekwisha kuipangia kazi bila kutuuliza. Sisi tulipanda gari pamoja na baba watoto, tukaenda Lubumbashi siku mbili. Si kwa msiba, si kwa hospitali, si kufuata dosie ya mshahara. Tulienda kutembea na kula. Tunaandika sasa ili mlisikie kwetu kabla ya kulisikia sokoni.

Tumeoana miaka 11. Katika miaka hiyo tumekwenda Lubumbashi pamoja mara nane: mara tano kwa matanga, mara mbili kwa ugonjwa, mara moja kwa karatasi. Mji ule tuliujua kwa chumba cha maiti na kwa viti vya kungojea. Na tuseme ukweli, hata nyumbani tulikuwa tumeanza kuongea kama watu wa ofisi moja. Makala yamekwisha? Maji yametoka leo? Nani atalipa daktari wa mtoto? Jioni baba watoto ana simu yake, sisi tuna madaftari 54 ya kusahihisha. Usiku mmoja binti yetu mkubwa akauliza: "Mama, wewe na papa munakasirikiana?" Hatukuwa na kasirani yoyote. Lakini jibu halikuja upesi, na mtoto aliona kwamba halikuja.

Ndiyo sababu ya safari. Watoto tuliwaacha kwa kambo yao, ambaye alitusindikiza mpaka mlangoni akisema: "Watu wazima wanaenda kutembea, na nyumba inavuja?" Inavuja kweli, kwenye kona ya jikoni. Tuliweka beseni pale, tukaenda.

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120. Barabara mnaijua: malori yenye shaba na kobalti yanayoelekea Kasumbalesa, moja nyuma ya lingine, na pembeni magunia ya makala yamesimama kama watu wanaongoja basi. Tulikaa kiti cha nyuma, wanne mahali pa watu watatu. Baba watoto alilala usingizi mpaka Lubumbashi. Mwanzo si mzuri, tulijisemea.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema Katanga. Wasichana wa leo hawajui neno hili limetoka wapi: zamani za Union Minière, siku hiyo wafanyakazi waligawiwa chakula chao cha juma. Mwezi wa kumi ni wakati wa jakaranda, na katikati ya mji barabara zilikuwa na maua ya zambarau chini na juu. Mara zile nane zote hatukuwahi kuinua macho.

Kulala kulitupa taabu kidogo. Nyumba ya wageni ya kwanza walitutajia bei katika simu, tulipofika bei ikawa nyingine, na maji hakuna. Tuliondoka. Tukapata chumba kwa masista, dolare 25, kisafi, na uji asubuhi. Wamama, ulizeni kwa masista kwanza.

Makumbusho ya taifa ya Lubumbashi yalituchukua saa mbili, na tungekaa zaidi. Mmoja anayefundisha mwaka wa tano atatuelewa. Miaka tisa tumechora ubaoni kwa chaki ile misalaba ya shaba, tukiwaambia watoto: hii ilikuwa pesa ya wazee wetu kabla ya mzungu kufika. Hatukuwahi kuiona hata mmoja. Kumbe mingine inajaza viganja viwili, na mingine ni midogo kama ncha ya kidole! Ilichimbuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, pamoja na vyungu na mapambo. Aliyetuongoza alieleza kwamba ile mikubwa ni ya zamani zaidi. Karne zilivyopita ikawa midogo na yenye kufanana, mpaka watu wakaihesabu kama franga. Shaba hiyo waliiyeyusha mafundi wenyewe, wakati wa kiangazi, kwa tanuru za udongo na makala. Baba watoto akauliza ni misalaba mingapi ingetosha mahari ya mwalimu mwenye diploma. Mzee akacheka. Ni mara ya kwanza siku ile tuliposikia mzaha kutoka kinywani mwake, na tuliuhifadhi.

Majengo mengine tuliyatazama kwa nje tu: Bâtiment du 30 Juin, lililokuwa jumba la tamthilia na sasa ni la baraza la jimbo, sinagogi la Wayahudi, sanamu ya Moïse Tshombe. Kamalondo baba watoto alitaka lazima tusimame mbele ya uwanja wa TP Mazembe. Lango lilikuwa limefungwa. Hata hivyo alilishika, akatusimulia upya mwaka 2010, jinsi timu ya kwanza ya Afrika ilivyocheza fainali ya vilabu vya dunia kule Abu Dhabi na Inter. Ile 3 kwa 0 hakuitaja.

Kisha tukaenda upande wa bomba refu la Gécamines na ule mlima mweusi wa takataka za madini, ambao siku hizi unafanyiwa kazi tena kwa sababu ya kobalti iliyobakia ndani. Kila mtu anapiga picha pale. Sisi pia tulitoa simu, lakini baba watoto hakutaka kusimama kwenye picha. Alikaa juu ya jiwe. Halafu akaanza kusema bila kuulizwa. Mwaka 2003, wakati Gécamines iliporudisha nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile walichoita kuondoka kwa hiari, baba yake aliyekuwa Shituru alirudi jioni na bahasha, akaiweka mezani, na siku ile hakuna aliyegusa bukari. Bahasha ilikuwa nene na watoto walifikiri wamekuwa matajiri. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alikuwa akisukuma baiskeli ya makala, kabla na baada ya masomo, ndipo alipomaliza sekondari. Miaka 11 tunalala chumba kimoja na hatukujua habari ya baiskeli. Tulijua tu kwamba hapendi mtu aache chakula mezani. Tulidhani ni ukali.

Hatukumwambia neno. Tulikaa kwenye jiwe lile mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni tulikwenda kula komini ya Kenya, mahali penye moshi mwingi na viti vya plastiki, maana michopo ya mbuzi haiitaji kitambaa cha meza. Msichana akaja kuuliza, akimtazama baba watoto kama ilivyo desturi. Yeye akajibu: "Mimi mbuzi. Mama umuletee Thomson, ndiyo anapendaka."

Tukamwuliza nani alimwambia tunapenda Thomson.

"Si wewe? Kila juma unapika, mara tatu, mara ine."

Tunapika kwa sababu ya mfuko, wamama. Samaki ile ya barafu inayotoka mbali Namibia ndiyo inayofika kwenye sahani ya mwalimu. Tulimwambia hivyo. Akatukazia macho, akaweka simu yake chini.

"Hata mimi siipendi," akasema. "Nilikula kwa sababu nilifikiri wewe unaipenda."

Msichana alikuwa bado amesimama na karatasi yake. Tulicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Miaka 11 ya Thomson, na hakuna hata mmoja aliyeitaka! Tukaagiza mbuzi kwa wawili, bukari, lenga-lenga, pilipili, na kikanda kidogo cha kuonja, kile kinachotengenezwa kwa mizizi ya porini na karanga. Munkoyo ulikuwa baridi. Tulilipa franga ambazo nyumbani zinanunua unga wa juma zima, na kusema kweli tonge la mwisho lilipita kooni kwa shida tulipofanya hesabu hiyo. Lakini lilipita.

Siku ya Mungu tulisali asubuhi katika kanisa kuu la Petro na Paulo, kisha bustani ya wanyama. Humo kuna kituo kinacholea sokwe wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara. Mtunzaji alisema mtoto wa sokwe hachukuliwi ila kwanza mama yake na wakubwa wanaomtetea wameuawa. Mmoja alikuwa amejifunika kipande cha blanketi kichwani, kama anavyofanya kitinda mimba wetu. Basi tukakumbuka watoto wote kwa mara moja, na matembezi yakawa yamekwisha, ingawa gari ilikuwa ya saa tisa. Tukanunua mikate na pete ndogo ya malakiti kwa yule binti aliyeuliza swali.

Kwa wanaotaka hesabu: njia kwenda na kurudi dolare 20, kulala 25, kula na kunywa 23, teksi, viingilio na zawadi 17. Zilibaki 15, na hizo zimekwisha kuingia katika mabati, mama mkwe atulie. Bado hazitoshi. Beseni liko palepale, na mvua kubwa zinakuja.

Katika gari ya kurudi baba watoto hakulala. Alisimulia habari ya baiskeli tena, sehemu ya kuchekesha safari hii, jinsi gunia lilivyopasuka mbele ya mwalimu wake wa hesabu.

Jumanne tulipita sokoni baada ya masomo. Mama wa samaki, aliyetuzoea, akawa ameshatufungia Thomson mbili katika gazeti kabla hatujafika. Tulimwomba msamaha, tukavuka upande wa pili kuuliza bei ya ndakala.