Jangwa Lenye Kalenda Yake

Mama msomaji, tukisikia neno jangwa, wengi wetu huona mchanga mtupu. Jangwa la Sonora, lililo mpakani mwa Marekani na Meksiko, si hivyo. Hupata mvua mara mbili kwa mwaka: manyunyu ya majira ya baridi, na mvua za radi zinazoanza karibu na Julai. Kila mmea wa huko una wakati wake wa kuchipua, kuchanua na kuzaa.

Mti mlezi

Mkubwa wa jangwa hilo ni saguaro, mmea wa miiba wa jamii moja na mpungate wetu, unaoweza kufika mita 12. Hukua polepole mno. Ukiwa na miaka minane huenda una kimo cha sentimeta nne tu, na tawi la kwanza laweza kuchelewa hata miaka 50 au zaidi. Mche wake hujificha chini ya mti mwingine, unaoukinga na jua kali na baridi. Wataalamu huuita mti huo mlezi.

Maua yake meupe huonekana sana mwezi wa Mei. Kila ua hufunguka usiku na kufunga mchana unaofuata, kwa hiyo popo, nyuki na njiwa wana saa chache tu za kulitembelea. Matunda huiva Juni, wakati mimea mingine imekauka. Hapo familia za Watohono O'odham, wenyeji wa tangu kale, huenda kuvuna. Huyaangusha matunda kwa upondo mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro mkavu, kisha huchemsha nyama yake nyekundu mpaka iwe shira. Maganda huachwa chini yakitazama juu, kuiita mvua. Kwao mwaka mpya huanza na mavuno hayo.

Wanaoandika tarehe

Ukifika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, amka alfajiri kabla ya joto, upande kilima cha Tumamoc pamoja na wenyeji wanaokwenda kunyoosha miguu. Njiani utapita maabara ya jangwa iliyoanzishwa mwaka 1903. Mwaka 1906 wataalamu walianza kupima vipande vya ardhi kilimani hapo, na baadhi yake bado mimea yake huhesabiwa.

Kaskazini ya mji kuna njia ya Finger Rock, inayopanda milima ya Santa Catalina. Tangu miaka ya 1980 mpenda mimea mmoja, Dave Bertelsen, ameipanda mara nyingi mno, akiandika kila mmea aliouona umechanua. Wataalamu walipochambua daftari zake za miaka 20, waliona kwamba baadhi ya mimea imeanza kuchanua juu zaidi mlimani kuliko zamani, kadiri majira ya joto yalivyozidi kuwa makali. Mtu apitaye mara moja asingeligundua hilo.

Hatari mbili

Mwaka 2023 mji wa Phoenix, jimbo hilohilo, ulipata siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi. Saguaro hupumua usiku, kunapopoa. Mwaka ule usiku haukupoa vya kutosha, na baadhi ya saguaro wakadondosha matawi au wakaanguka.

Hatari ya pili inatuhusu. Karne iliyopita Wamarekani walileta nyasi za malisho kutoka Afrika, ziitwazo buffelgrass. Huku kwetu ni chakula kizuri cha ng'ombe. Kule zimejaza nafasi tupu zilizokuwa zikizuia moto kuruka kutoka mmea hadi mmea. Saguaro hakuzoea moto. Ukipita, mzazi, mche na mlezi huteketea pamoja. Ndiyo maana wenyeji wa kujitolea hupanda vilima vya Tucson kuzing'oa kwa mikono.

Nyumbani

Bibi zetu walijua mvua i karibu kwa kutazama miti. Je, sisi tunajua mwembe wa uani ulichanua lini mwaka jana? Tundika kalenda jikoni. Siku ya ua la kwanza, mtume mtoto aandike tarehe. Siku ya mvua ya kwanza, aandike tena. Miaka kumi ikipita, nyumba yenu itakuwa na jambo la kumwambia jirani, tena lenye ushahidi.