Kutoka Malishoni hadi Grini: Kazi ya Pili ya Afisa Ugani

Nyasi za kikuyu, ambazo wataalamu wa mimea waliziita Pennisetum clandestinum kabla ya kuzihamishia katika jenasi ya Cenchrus, ni mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kwa mfugaji wa Kiambu, Nyandarua au Nyeri thamani yake hupimwa kwa jambo moja tu, yaani wingi wa majani yanayochipuka tena baada ya ng'ombe kupita. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alizifahamu kwa kipimo hicho katika utumishi wake wote akiwa afisa ugani, yaani mtumishi wa umma anayewafikishia wakulima maarifa ya kilimo na ufugaji mashambani mwao. Alistaafu mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu katika utumishi wa umma nchini Kenya tangu ulipopandishwa kutoka miaka 55 mwaka 2009, na muda mfupi baadaye akaajiriwa katika uwanja wa gofu uliokuwa karibu na kwake. Sababu zake zilikuwa zile za wastaafu wengi: karo ya mtoto wa mwisho ilikuwa bado inadaiwa chuoni, na mwili ulikuwa haujachoka.

Uwanja ulimhitaji mtu wa kusoma majibu ya vipimo vya udongo, kupanga mbolea na kuweka rekodi za dawa zinazonyunyizwa. Kwa maneno hayo kazi ilionekana kuwa ileile ya zamani, ila sasa bila pikipiki na bila matope ya vijijini. Ilimchukua muda kutambua kwamba maarifa aliyokuwa nayo yalikuwa sahihi lakini yalielekea upande mwingine kabisa, kwa sababu mfugaji hulisha nyasi ili zikue, ilhali mtunza uwanja hutafuta nyasi zilizo hai, zenye afya na zilizoshikana vizuri, ambazo hata hivyo hazikui zaidi ya kiasi.

Uwanja wa gofu hugawanywa kwa urefu wa nyasi. Fawei ni ukanda mpana ambao mchezaji anatarajiwa kuupitishia mpira, na katika nyanda za juu mara nyingi huwa ni nyasi za kikuyu zilizokatwa fupi; rafu ni nyasi ndefu zilizo pembezoni, ambazo humwadhibu aliyepotoka; na grini ni eneo dogo laini lenye shimo, ambako nyasi hukatwa hadi kati ya milimita 3 na 5. Urefu huo ni mfupi kuliko punje ya mchele ilivyo ndefu, na hakuna malisho duniani yanayoweza kuustahimili. Kwa hiyo grini hupandwa aina maalumu, mojawapo ikiwa Tifdwarf, chotara iliyotolewa Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1965, ambayo mzazi wake mmoja ni ukoka, nyasi ileile ambayo mbuzi hufungiwa kando ya barabara, na mwingine ni nyasi ya Afrika Kusini. Kikuyu nazo zilisafiri: zilipelekwa ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20, na leo fawei za Riviera Country Club mjini Los Angeles zinajulikana kwa nyasi hizo zilizotoka katika vilima vya Kenya na majirani zake. Inafaa jambo hili lifahamike zaidi nyumbani, kwa kuwa gofu huzungumzwa hapa kama kitu kilicholetwa na wageni, na ni wachache wanaokumbuka kwamba nyasi zinazokanyagwa ni za hapa.

Mkubwa wake kazini alikuwa kijana wa rika la mwanawe wa pili, aliyeanza utotoni akiwa kedi, yaani mbebaji wa mfuko wa fimbo za mchezaji, kisha akapanda hadi kuwa msimamizi wa uwanja. Kijana huyo alimwita "Mama" na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, naye mbele ya wafanyakazi wengine alimwita "Msimamizi", na heshima hiyo ya pande mbili ndiyo iliyowezesha mzee kufundishwa na mdogo bila mmoja wao kuona haya. Siku mwandishi alipopendekeza naitrojeni kwa kiwango cha malisho, msimamizi alimjibu kwa upole, "Mama, nyasi hizi hazina ng'ombe wa kuzila."

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya mikono. Kabla ya mashine kutoka bandani, ukanda wa karatasi huwekwa kati ya silinda ya visu na kisu cha chini kilicholala, kisha silinda huzungushwa kwa mkono: karatasi ikikatika kwa mstari safi, mashine iko tayari, ikikunjwa au kuchanika, ncha za nyasi nazo zitachanika na kufa, na saa sita mchana grini itageuka rangi ya majani makavu. Shimo nalo huhamishwa mara kwa mara ili miguu ya wachezaji isichoshe sehemu moja. Kikata shimo ni bomba la chuma lenye makali na mpini, ambalo huzungushwa wima hadi litoe donge zima la udongo na nyasi, na donge hilo ndilo linalozibia shimo la zamani, likisawazishwa kwa kiganja hadi kidole kisiweze kuhisi mpaka. Kipenyo cha shimo ni milimita 108 duniani kote, kipimo kilichowekwa mwaka 1891, na kikombe kinachotiwa ndani hushuka angalau milimita 25 chini ya uso wa grini.

Hata hivyo, nyasi zilizonyimwa chakula huwa dhaifu. Upungufu wa naitrojeni, ukikutana na umande unaokawia juu ya majani, hukaribisha kuvu inayosababisha madoa madogo ya mviringo yenye rangi ya majani makavu. Hapo ndipo ujuzi wa afisa ugani ulipopata nafasi yake. Alipendekeza mbolea itolewe kidogokidogo na mara nyingi badala ya kwa mikupuo, na umande upanguswe alfajiri kwa ufito mrefu unaopitishwa juu ya grini, hivyo kwamba dawa ya kuvu ikawa hatua ya mwisho badala ya kuwa ya kwanza.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, michezo ilisimama lakini mvua za masika hazikusimama, na nyasi zilikua kama kawaida. Kwa kuwa wafanyakazi wenye umri mkubwa walitakiwa kukaa nyumbani, mwandishi aliletewa picha za grini kwenye simu kila asubuhi, naye aliuliza maswali aliyokuwa akiwauliza wakulima: doa lina ukubwa gani, lilianza upande upi, maji yalifika lini. Msimamizi alianza kujibu kabla ya kuulizwa, na mazungumzo hayo, ambayo hayakuwamo katika mkataba wa mtu yeyote, yakageuka mafunzo kamili ya magonjwa ya mimea.

Baada ya wachezaji kurudi, suala lililomgusa zaidi lilikuwa la majirani. Wafugaji wadogo waliouzunguka uwanja, ambao baadhi yao aliwahi kuwatembelea kikazi, waliomba nyasi zilizokatwa wawapelekee ng'ombe, hasa wakati wa kiangazi. Mabaki ya grini hayawezi kutolewa, kwa sababu hubeba dawa za kuvu na wadudu zinazoweza kuingia katika maziwa, na mfugaji anayenyimwa nyasi mbichi zilizorundikwa mbele ya macho yake ana haki ya kupewa maelezo hayo kwa lugha anayoielewa. Rafu za mbali hazinyunyiziwi dawa, kwa hiyo mwandishi na msimamizi walichora ramani ya sehemu hizo, wakaifungamanisha na daftari la dawa, na sasa nyasi za huko hukatwa zikiwa bado changa na kutolewa langoni, baada ya daftari kufunguliwa mbele ya anayezichukua.